Nilianza na kompyuta, fundi nikamtafuta baadae

Plagi ya silinda ya nne ilipotoka ilikua na vidoa vidogo vidogo vinavyong'aa kwenye ile kauri nyeupe, kama mtu kaipulizia vumbi la chuma. Fundi akaishika kwenye mwanga, akaigeuza taratibu, akaniuliza, "Unajua hii ni nini mdogo wangu?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Hii ni pistoni yako."

Naandika haya kwa sababu watu hawaachi kuniuliza wanunue kompyuta gani ya injini, ile inayopanga mafuta na cheche, na swali linakuja vile vile kila mara, ipi bora, ipi ukifunga gari inavuta zaidi. Mi mwenyewe nilianzia hapo hapo. Nilikaa miezi nasoma na kulinganisha mpaka nikawa nakutajia bila kuangalia popote kompyuta gani ina njia ngapi za nozeli, zile zinazomwaga mafuta, na ngapi za koili, zile zinazotoa umeme wa cheche, na kitu ambacho sikukiwaza hata siku moja ni nani atakaa nayo na laptopu akaipanga. Hilo ndo lilikula injini yangu, na ndo maana siku hizi mtu akiniuliza kuhusu kompyuta mi namuuliza kwanza fundi wako nani.

Gari yenyewe ina 1JZ-GTE, ile ya lita 2.5, silinda 6 za mstari, toleo la VVT-i (injini inabadilisha yenyewe muda wa valvu kufunguka) lililoingia mwaka 1996 na turbo moja badala ya mbili. Kiwandani waliandika farasi 280, namba utakayoikuta kwenye magari mengi makali ya Japani ya miaka ile maana watengenezaji walikua wamekubaliana wasitangaze zaidi ya hapo. Mi nikaweka turbo kubwa, nozeli kubwa za cc 1000 kwa dakika, pampu ya mafuta yenye uwezo wa kuzilisha, intakula pana (kipoza hewa ya turbo), na hapo kompyuta ya asili ikawa haina habari na kilichofungwa, kwake yeye nozeli bado ni zile ndogo na busti, yaani presha ya hewa ya turbo, bado ni ile ya kiwandani. Nikanunua kompyuta ya kujitegemea, yaani inayochukua kabisa nafasi ya ile ya kiwandani, ya kampuni nzuri tu, sina malalamiko nayo mpaka leo. Nilichoangalia ni sifa, yaani inaweza kushika mizunguko wakati wa kuondoka, inadhibiti tairi zisiteleze, ina kumbukumbu kubwa ya logi, yaani rekodi ya namba za injini, ina sijui njia kumi na ngapi za sensa. Nikaifunga. Alafu ndo nikaanza kutafuta mtu wa kuitune, yaani kuipangia namba zake.

Niliempata alisema anaijua. Tulifanya kwa intaneti, anaingia kwenye laptopu yangu akiwa mbali, mi nakanyaga, yeye anaangalia namba na kubadilisha, jioni mbili tukawa tumemaliza. Na jamani gari ilivuta. Ilivuta vibaya sana, ukikanyaga gia ya tatu unaona kabisa barabara inakufuata. Waidibendi, ile sensa ya ekzosi inayopima uwiano wa hewa na mafuta, ilikua inaonyesha lamda 0.80 (1 ni uwiano kamili, chini ya hapo mafuta yamezidi) imenyooka kama rula kuanzia busti inapoingia mpaka mwisho, na kwa mtu ambae hajui kama mi nilivyokua wakati ule, mstari ulionyooka unatosha kulala usingizi. Wiki ya tano ukaanza moshi wa bluu nikiachia mafuta, oili ikawa inapungua, silensi (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) ikawa inatetemeka kama gari imekunywa maji.

Huyu fundi wa pili, mtu mzima, nilimfuata nikiwa nimeshakata tamaa, na alichofanya siku ya kwanza hakikuhusu laptopu kabisa. Alitoa plagi zote sita akazipanga kwa mpangilio wa silinda. Akapima kompresheni, akaingiza hewa silinda moja moja kuona inapovujia, ya nne ikawa inapumulia chini kwenye oili. Alafu akasema kabla hatujafungua anataka kujua kwanini, maana tukijenga injini mpya bila kujua kilichoua ya kwanza tutaijengea kaburi lile lile. Akawasha gari hivyo hivyo inamisi, akaingia kwenye kompyuta akaifunga timingi, yaani cheche inapigwa digrii ngapi kabla pistoni haijafika juu, ibaki digrii 10 isiende popote, akachukua taa ya timingi, ile inayomulika kila cheche ikipiga, akaelekeza kwenye puli ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Alama ilikua inasoma 18.

Hakuridhika na hapo. Akaniambia puli za injini hizi za zamani zina mpira katikati, mpira ukizeeka ule mduara wa nje unateleza na alama inahama nayo, kwaiyo taa inaweza kuwa inasema kweli au inasema uongo. Akazima, akaweka kizuizi kwenye tundu la plagi ya silinda ya kwanza, akazungusha kranki kwa mkono mpaka pistoni ikagusa, akaweka alama, akarudisha upande wa pili mpaka ikagusa tena, akaweka alama nyingine, akagawanya katikati. Hapo ndo pistoni inapofika juu kabisa, hakuna ubishi. Alama ya puli ilikua sahihi. Kompyuta ndo ilikua imekosewa digrii 8, kwa kila cheche iliyopiga tangu siku ya kwanza.

Naomba nikae hapa kidogo maana hapa ndo penyewe. Mafuta hayalipuki papo hapo cheche ikipiga, yanaungua, na kuungua kunachukua muda, kwaiyo cheche inapigwa mapema pistoni ikiwa bado inapanda ili msukumo wa juu kabisa uje pistoni ikishapita kileleni na kuanza kushuka, kama digrii 15 hivi baada ya kilele. Ukipiga mapema kupita kiasi msukumo unajengeka wakati pistoni bado inapanda, joto na presha vinapanda pamoja, na yale mafuta ya pembeni ambayo moto haujayafikia yanajiwasha yenyewe. Ndo injini inagonga. Ikigonga kwenye busti ya bari 1.2, zile kingo nyembamba za pistoni zinazoshika ringi zinapasuka, na vipande vidogo vya aluminiamu vinarushwa mpaka kwenye plagi. Kompyuta yangu ilikua inaandika kwenye logi digrii 14, kranki inapata 22. Mapu, yaani majedwali ya namba ndani ya kompyuta, ilikua safi kwa macho, lamda safi, busti safi, na kila nikikanyaga nilikua natwanga pistoni na nyundo.

Na kurekebisha kwenyewe ni kuandika namba moja kwenye kisanduku kimoja. Kila kompyuta ya kujitegemea inataka uiambie jino gani la kranki liko wapi ukilinganisha na kilele cha silinda ya kwanza, na programu zote nilizowahi kuziona zina ukurasa wake maalum wa kufanya hivyo kwa taa, sio siri ya mtu. Kinachotakiwa ni mtu aliepo pale na taa mkononi. Sisemi tyuning ya mbali ni mbaya, kuna watu wanaifanya vizuri mno, ila wao watakulazimisha uipige picha alama ya puli huku taa inamulika kabla hawajagusa mapu, na usipotuma hawaendelei. Mtu wa kwanza hakuniuliza. Mi sikujua kama ni kitu cha kuulizwa.

Sa tukirudi kwenye kompyuta yenyewe. Ukiiondolea majina yote ya biashara, kazi yake ni kujua kranki iko wapi, kukadiria hewa kiasi gani imeingia silinda, kisha kufungua nozeli na kupiga cheche kwa wakati. Hayo tu. Ila angalia spidi. Kwenye mizunguko 6000 kwa dakika kranki inazunguka mara 100 kwa sekunde, silinda 6 zinahitaji cheche 300 kila sekunde, na digrii moja ya kranki ni kama sehemu 28 za milioni ya sekunde. Ndo maana waya wa sensa ya kranki ni waya mtakatifu, usokotwe, uwe na ngao, upite mbali na waya za koili, na ardhi ya sensa zote irudi kwenye kompyuta yenyewe sio kwenye boliti yoyote ya bodi iliyo karibu. Nimeona watu wanabadilisha kompyuta mara mbili wakidhani mbovu kumbe waya wa kranki umefungwa pamoja na waya wa koili kwenye mkanda mmoja, injini ikifika 5000 inapoteza hesabu ya meno inakata. Kama una hela ya kitu kimoja tu kati ya kompyuta ya daraja la juu na wayaringi iliyofanywa na mtu makini, chukua kompyuta ya kawaida na wayaringi makini.

Kitu kingine kinachotenganisha fundi na fundi ni nozeli. Nozeli ni koki ya umeme, ukiiambia fungua inachelewa kidogo kabla haijafunguka kweli, na huko kuchelewa kunategemea volti za betri, kwenye volti 14 ni kama mili-sekunde moja hivi, volti zikishuka kunaongezeka. Watengenezaji wazuri wa nozeli wanatoa jedwali la kila volti na kuchelewa kwake. Kwenye nozeli kubwa kama zangu, gari ikiwa silensi muda mzima wa kufungua ni mfupi sana, kwaiyo kosa dogo la hapo ni asilimia kubwa ya mafuta yote. Kwa yule wa kwanza hizo namba zilikua za nozeli nyingine kabisa, na dalili nilikua naiona kila usiku bila kuielewa, nikiwasha taa na feni ya rejeta ikaingia kwa pamoja volti zinashuka, mafuta yanapungua, gari inazima kwenye taa za barabarani. Nilidhani ndo maisha ya nozeli za cc 1000. Watu wengi bado wanaamini hivyo, kwamba gari yenye nguvu lazima iwe na silensi ya kichaa na asubuhi uishikilie mafuta dakika tano. Sio kweli. Ukiona hivyo jua kazi haijaisha.

Kwaiyo unachagua nini? Cha kwanza angalia gari yako ni ya enzi gani, maana hapa ndo watu wanapoteza hela nyingi. Kama ni gari ya kisasa, throto ya umeme, gia boksi na breki na dashibodi vyote vinaongea kwenye mtandao mmoja wa CAN, basi mara nyingi bora uiache kompyuta yake ya kiwandani na uiflashi, yaani unabadilisha mapu za ndani bila kung'oa kitu. Watu waliotengeneza ile kompyuta walikua na miaka ya kuipima kwenye baridi, joto, milima, na silensi yake huwezi kuizidi kirahisi. Hondata kwa Honda, EcuTek kwa Subaru na Nissan GT-R na wengineo, HP Tuners kwa magari ya GM, hizi ni njia zinazojulikana na zina mafundi wengi. Na kama injini inachoma mafuta moja kwa moja ndani ya silinda ndo kabisa, nozeli zile zinafunguliwa na volti kama 65 na pampu yake ya presha kubwa inataka kupangwa kwa wakati, sio kila kompyuta ya kujitegemea inaliweza hilo, uliza kabla hujatoa hela.

Kuna kile kiboksi cha katikati wanachoita pigibaki, kinakaa kati ya sensa na kompyuta ya kiwandani kinadanganya. Mi simshauri mtu kwenye injini iliyobadilishwa sana. Fikiria kinavyofanya kazi, nozeli zako kubwa zinamwaga mafuta mengi, kwaiyo kiboksi kinaiambia kompyuta hewa imeingia kidogo kuliko ukweli ili ipunguze mafuta. Mafuta yanakaa sawa kweli. Lakini kompyuta hiyo hiyo inatumia namba hiyo hiyo ya hewa kuchagua timingi, ikiamini mzigo ni mdogo inasogeza cheche mbele, wakati ukweli uko kwenye busti kamili. Ni ugonjwa ule ule ulioua silinda yangu ya nne, umeingia kwa mlango mwingine.

Ya kujitegemea kabisa ni kwa gari kama langu, ya zamani, kompyuta yake haifunguki kirahisi, na injini haifanani tena na ilivyotoka kiwandani. Hapa majina ni mengi na mengi ni mazuri kweli. Haltech na MoTeC na Emtron wanatoka Australia, hao wawili wa mwanzo wapo tangu miaka ya themanini, Link wa New Zealand, ECUMaster wa Poland, MaxxECU wa Sweden, FuelTech wa Brazil, Holley na AEM wa Marekani, na kwa wanaopenda kujenga wenyewe kuna MegaSquirt iliyoanza mwaka 2001 na Speeduino inayotumia Arduino, ile bodi ndogo ya elektroniki ya kujijengea. Nitasema wazi ninachoamini hata kama kuna watakaokasirika, kwa gari ya barabarani ya farasi 500 au 600 yoyote kati ya hizi za daraja la kati itakutosha na kubaki, na tofauti ya nguvu kati ya kompyuta mbili zilizopangwa vizuri ni kama hakuna. Injini haijui jina lililoandikwa kwenye boksi. Inajua cheche imepiga saa ngapi na mafuta yamefika mangapi.

Vitu ambavyo ni kweli vya kuangalia ni vichache. Je inaelewa mpangilio wa meno ya kranki na kamshafti (mhimili wa valvu) ya injini yako bila kuongeza sensa, maana 1JZ yangu ya VVT-i ina mpango wa meno 36 yakikosekana 2, Nissan nyingi za zamani zina sahani yenye vitobo 360, Subaru za EJ zina meno yasiyo sawa, na kompyuta isiyoujua mpango wako itakutesa. Je inaweza kuendesha VVT yako kwa kufuata sensa na sio kuiwasha na kuizima tu. Je ina waidibendi ndani, na kusikiliza kugonga kwa kweli, yaani inachuja sauti ya injini kwa masafa na kwa dirisha la digrii fulani baada ya kilele, sio taa tu inayowaka. Na je ina ulinzi. Hili la ulinzi ningepewa kuchagua kitu kimoja ningelichagua hilo kabla ya mbwembwe zote.

Nieleze. Kwenye kujenga mara ya pili fundi alinilazimisha nifunge sensa ya presha ya oili na sensa ya presha ya mafuta, mi nikaona ni gharama za bure. Regyuleta yangu ya presha ya mafuta imewekwa bari 3, na inafuata busti, yaani busti ikiwa 1.2 presha ya mafuta inatakiwa iwe 4.2, ile tofauti ya 3 kati ya mafuta na hewa isiondoke. Kompyuta inaiangalia tofauti hiyo muda wote. Miezi kadhaa baadae niko gia ya nne nimekanyaga yote, gari ikakata ghafla kama nimegonga ukuta wa sponji, taa ikawaka, mizunguko ikagoma kupita 3000. Nilikasirika. Nikasogea pembeni nikafungua laptopu, logi inaonyesha tofauti imeshuka kutoka 3 mpaka 2.4 na kompyuta imekata kabla hata lamda haijaanza kupanda. Ilikua ni filta ya mafuta imeziba. Nikabadilisha filta, gari ikaendelea na maisha. Kwa ile mapu ya kwanza isiyokua na ulinzi wowote ningekua nimepasua pistoni nyingine na wala nisingejua mpaka moshi utoke.

Lakini ninachokuomba ukifanye kabla ya yote haya ni kutafuta fundi. Mtafute kwanza, kabla hujanunua kompyuta, kabla hujachagua turbo ikiwezekana. Muulize anafanyia kazi kompyuta zipi kila siku, na akikutajia mbili au tatu nunua mojawapo ya hizo hata kama wewe roho yako iko kwa nyingine. Fundi aliezoea Link akipewa MoTeC atafika, ila atafika kwa saa zako na kwa injini yako. Anajua kwenye ile aliyoizoea kila kitu kiko ukurasa gani, anajua makosa yake madogo, anajua toleo gani la programu lina matatizo, ana mapu ya kuanzia ya injini kama yako aliyoitengeneza mwenyewe.

Alafu msikilize anavyouliza. Huyu wangu wa pili aliniuliza maswali kwa muda mrefu kabla hajakubali kazi, nozeli ni za nani na nina karatasi yake, pampu gani, waya wa pampu unene gani, springi ya westigeti (valvu inayozuia busti isizidi) bari ngapi, nimepima uvujaji wa hewa kwa moshi au kwa presha lini, plagi za joto gani na mwanya kiasi gani, natumia mafuta gani, na kubwa kuliko yote, gari ni ya nini. Ya kwendea kazini? Ya siku ya mashindano? Nani mwingine anaiendesha? Nikamwambia ya kila siku, akasema basi hatutatafuta namba ya mwisho. Mtu asiekuuliza chochote akakuambia lete tu, muogope.

Muulize kuhusu daino pia, ile mashine ya kupima nguvu ya gari, lakini sio kwa maana ya farasi ngapi. Kuna daino ambayo gari inazungusha tu roli nzito na nguvu inakokotolewa kwa jinsi lilivyoongeza kasi, na kuna inayoweza kukushika kwenye mizunguko fulani na mzigo fulani ukakaa hapo. Ya pili ndo inamruhusu fundi aende kisanduku kwa kisanduku, anakushika 2500 kwenye busti ndogo, anasogeza timingi digrii moja, anaangalia toki (nguvu ya kuzungusha) imepanda, anasogeza tena, mpaka pale ambapo kuongeza hakuongezi kitu, anarudisha nyuma. Kwenye petroli ya kawaida na busti nyingi utafika kwenye kugonga kabla hujafika huko, kwaiyo anakua na vipokea sauti masikioni vimeunganishwa na sensa kwenye bloku, anasikiliza chuma chako kwa masikio yake. Nilimuangalia akifanya hivyo siku nzima. Mara nane hivi alisimamisha gari katikati ya mvuto kwa kitu ambacho mi sikukisikia kabisa. Na namba ya farasi usiibebe kama jina la ukoo, gari moja hiyo hiyo kwenye daino mbili inatoa namba mbili, kilicho cha maana ni tofauti ya kabla na baada kwenye daino moja.

Kama unafikiria ethanoli, zungumza nae mapema kwa lugha ya lamda. Petroli inaungua sawasawa kwenye uzito wa hewa 14.7 kwa mafuta 1, E85, yaani petroli iliyochanganywa na ethanoli nyingi, ni karibu 9.8 kwa 1, kwaiyo mtu akikuambia "nimekuwekea 11.8" bila kusema mafuta gani hajakuambia kitu, ila lamda 0.80 ni 0.80 popote. Maana yake pia nozeli na pampu zinatakiwa kubeba asilimia 40 mpaka 50 zaidi ya mafuta. Na E85 ya pampu haina uhakika wa kuwa 85, Marekani viwango vinaruhusu kuanzia 51 mpaka 83 kutegemea msimu na mahali, ndo maana ile sensa ndogo ya mafuta ni muhimu, inatuma mapigo 50 kwa sekunde kwa petroli tupu mpaka 150 kwa ethanoli tupu, kompyuta inachanganya mapu mbili kulingana na kilichopo kwenye bomba sa hivi.

Swali la mwisho la kumuuliza, na uliulize kabla hela haijatoka mfukoni, faili ni la nani? Wapo mafundi wanaofunga mapu kwa nywila, ukitaka kubadilisha sensa moja lazima urudi kwake, na siku akihama au mkigombana unaanza upya. Naelewa hofu yao ya kuibiwa kazi, kweli naielewa, lakini mi nimelipia na injini ni yangu, siwezi kukubali tena. Wangu alinipa faili na karatasi ya alichobadilisha na kwanini.

Na kwenye makubaliano alisema gari italala kwake usiku mbili. Sikuelewa, daino ilikua imeshaisha na gari ilikua inavuta safi. Kumbe alitaka iamke baridi. Asubuhi ya kwanza akafika mapema, akafungua laptopu bila kugusa ufunguo, akaangalia joto la maji na la hewa, akawasha mara moja, akaizima baada ya sekunde kumi na tano hivi, akabadilisha namba chache, akafunga laptopu akaniambia, "Leo hatuigusi tena mpaka kesho." Maana ikishapata joto nafasi ile imepita, baridi unalipata mara moja kwa siku. Siku nzima gari ikakaa pale na yeye anafanya magari ya watu wengine. Asubuhi ya pili ikawaka papo hapo, ikapanda 1400, ikashuka yenyewe polepole kadri maji yanavyopata joto mpaka 800, akawasha taa zote na feni kwa pamoja na sindano haikutikisika.

Akanipa ufunguo na kazi ya nyumbani, niendeshe wiki tatu kawaida, foleni, joto, mvua, mafuta yakiwa chini, logi ikiwa inarekodi, nimtumie. Nilimtumia. Alibadilisha visanduku sita, vyote kwenye eneo la mafuta kidogo ya kutembelea mjini ambalo daino hatukukaa nalo sana, akanirudishia faili jipya na tarehe kwenye jina lake, chini akaandika nibadilishe oili mapema na nimpelekee plagi ya silinda ya nne aiangalie.